Wakala wa raga anataka milioni mbili na nusu kabla mwanangu hajasaini. Ndivyo inavyokuwa?

Mama_Belo, Moshi

Habari za jioni wapendwa. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mitumba hapa Memorial, upande wa jinzi na mashati. Nina jambo linaninyima usingizi na sina wa kumuuliza, maana kila ninayemgusia raga ananijibu habari za Simba na Yanga.

Kijana wangu wa pili ana miaka 17, anatimiza 18 mwezi wa kumi na moja. Yuko kidato cha tano. Ana kilo 94, tulimpima kwenye mzani wa mahindi kwa jirani. Raga aliianzia shuleni Arusha akiwa kidato cha pili, na mpaka leo kila Jumamosi anapanda Kosta kwenda kufanya mazoezi na wakubwa huko. Siku ya kwanza nilipokwenda kumwangalia nilidhani wanapigana, nikaingia uwanjani na kanga yangu kuamulia. Refa alinitoa kwa heshima. Sasa nimezoea, ingawa lile rundo lao la kusukumana vichwa chini bado silitazami, nageukia pembeni mpaka liishe.

Mwezi uliopita akapigiwa simu na bwana mmoja anayejiita wakala wa wachezaji. Ni Mtanzania, anasema makazi yake ni nje. Tukakutana naye Arusha, mgahawa wa hoteli moja karibu na Mnara wa Saa. Mtu wa maneno matamu, kavaa vizuri, soda alilipa yeye. Akatoa karatasi nne za Kiingereza. Mwanangu akanitafsiria, halafu nikampelekea mpwa wangu anayefanya kazi benki anitafsirie tena, kwa sababu mwanangu siku hizi anatafsiri anachokipenda.

Kilichoandikwa ni kwamba huyo bwana atakuwa wakala wake peke yake kwa miaka mitano. Atachukua asilimia 20 ya mshahara na ya "mapato mengine yoyote". Tukivunja kabla ya muda tunalipa dola 10,000, na hapo pa kulipa wameandika mchezaji NA mzazi. Klabu haina jina, imeandikwa tu "klabu ya kulipwa barani Ulaya". Kwa mdomo anasema ni Ufaransa. Tutangulize 2,500,000 za vidio, usajili na maandalizi ya majaribio. Aende kwa viza ya matembezi, karatasi za kazi zitabadilishwa hukohuko. Na mimi nisaini kama mzazi kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi inakwenda kwa kijana wa Uganda.

Hela naweza kuipata. Mwenyekiti wa VICOBA yetu yuko radhi kunikopesha. Na si kwamba naogopa kubahatisha. Mimi nanunua belo, na belo hulifungui kwa muuzaji: unalipa, unabeba, ukifika kibandani ndipo unajua ni gredi ya kwanza au ni makoti mazito ya theluji ambayo hapa atayavaa mpanda mlima peke yake. Nimeshalizwa hivyo zaidi ya mara moja na nikaamka kesho yake nikafungua kibanda. Ila belo bovu nalimwaga chini nauza buku buku. Mtoto sijui nitamfanyaje.

Kijana amenuna. Chakula anakula, lakini salamu hanipi. Naombeni mnijibu kabla ya Ijumaa.

Kijenge_Juu

Mama huyo ni kishoka. Funga biashara, kula ugali ulale.

Chalii_wa_Sakina, Arusha

Shikamoo mama. Huyo aliyekujibu hapo juu amesema kweli, ila kweli fupi hivyo haitamfanya kijana akusalimie. Ngoja mimi nijieleze, maana nilishakuwa huyo kijana.

Nilicheza raga hapa Arusha nikiwa winga, nina mbio. Mwaka 2014 nikavuka Namanga na begi moja. Jamaa fulani, naye alikuwa "wakala", alikuwa ameniunganishia klabu ya daraja la chini Nairobi. Ahadi ilikuwa shilingi 15,000 za Kenya kwa mwezi, chumba na chakula. Mkataba? Tulipeana mikono. Chumba kilikuwa Kawangware, tuko wanne. Hela ya mwezi wa kwanza nilipata, wa pili nilipata, wa tatu nusu, wa nne nikaambiwa mdhamini amechelewa, na mpaka leo anachelewa. Mwezi wa saba nikageuka vibaya kwenye nyasi zenye umande, goti likatoa sauti kama kuni kavu. Kano imekatika. Kocha, ambaye hakuwa mtu mbaya, alinipa nauli ya basi mpaka Namanga. Hiyo ndiyo ilikuwa bima yangu. Nilipasuliwa KCMC hapo kwenu, baba akauza ng'ombe wawili. Leo naendesha watalii, na goti linanisalimia kila kona ya kushuka Ngorongoro.

Sikwambii haya ili umzuie mtoto. Mimi ningerudi hata kesho. Nakwambia ili ujue pa kutazama kwenye karatasi, kwa sababu sisi wote tunatazama mshahara, na mshahara ndio sehemu rahisi kuandika. Tazama siku ya kuumia. Nani analipa hospitali, mshahara unaendelea miezi mingapi ukiwa na magongo, klabu inaweza kukuachisha kwa sababu ya jeraha au haiwezi, tiketi ya kurudi nyumbani ni ya nani. Mchezo huu watu wanaumia mama, hata wakiwa makini.

Kuhusu hela ya mbele. Wakala wa kweli anakula pale mchezaji anapokula. Anatafuta klabu, mnasaini, ndipo anapata asilimia yake, na klabu nyingi humlipa zenyewe. Huko Ufaransa anakokutajia, sheria yao ya michezo inasema malipo ya wakala yasizidi asilimia 10 ya mkataba, na wakala lazima awe na leseni baada ya kufanya mtihani wa shirikisho lao la raga. Sasa yeye anataka 20 na hela ya vidio juu. Vidio ya nini? Mwambie kijana aombe mtu ashike simu, arekodi mechi nzima dakika 80, asikate. Makocha wakitumiwa vile vipande vya kukimbia na kufunga trai tu wanajua umeficha kitu. Wanataka wakuone huna mpira, umechoka, dakika ya sabini, unarudi kukaba au umeshika kiuno.

Jambo jingine ambalo matapeli wengi hawalijui. Mchezaji akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine, kanuni za World Rugby, shirikisho la raga la dunia, zinataka barua ya ruhusa kutoka chama cha raga cha nchi anayotoka. Klabu ya kweli Ufaransa lazima ipitie chama chetu cha hapa Tanzania. Muulize huyo bwana: klabu ipi, na barua ya ruhusa wataiomba lini? Umtazame usoni akijibu.

Mama_Belo

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa goti. Nimemsomea kijana habari yako ya Kawangware. Hajasema kitu lakini amekuja kukaa sebuleni. Swali: kwa hiyo hawa mawakala hawana orodha mahali, kama mawakala wa bima, nikaangalia jina lake?

Chalii_wa_Sakina

Mpira wa miguu wana leseni ya FIFA, moja ya dunia nzima. Raga haiko hivyo, kila nchi ina utaratibu wake. Uingereza chama chao, RFU, kinasajili mawakala na orodha iko wazi mtandaoni. Ufaransa vivyo hivyo, shirikisho lao lina orodha ya wenye leseni. Kama anasema anampeleka Ufaransa na jina lake halipo kwenye orodha ya Ufaransa, basi huyo ni dalali wa viwanja tu kabadilisha kiwanja.

Mangi_wa_Rau, Moshi

Mama, mimi nitasema tofauti na hawa, mnisamehe. Huku kwetu mtoto wa raga anaonwa na nani? Hakuna mskauti anayekuja Moshi. Ligi yenyewe ya kuhesabu. Tukikaa kusubiri klabu ya Ulaya iandike barua kwa chama, mtoto atafika miaka 30 akiwa anasubiri. Daniel Adongo alikuwa mcheza raga wa kawaida wa Kenya, akatoka, akacheza New Zealand na Afrika Kusini, na 2013 akasajiliwa na Indianapolis Colts, timu ya mpira wa Kimarekani, mchezo ambao hakuwa ameucheza kabla. Angekuwa na mama wa kumhoji wakala maswali kumi na tano angekuwa Nairobi anauza simu. Milioni mbili na nusu ni belo ngapi? Kuna watu wanazitumia kwenye sherehe ya kipaimara.

Chalii_wa_Sakina

Mangi nakuheshimu, na hapo kwenye kuonwa umesema kweli tupu, inauma. Lakini Adongo alitoka kwenye nchi yenye ligi. Kenya wana Safari Sevens, mashindano ya raga ya wachezaji saba, tangu 1996, timu za dunia zinawafuata mlangoni. Ile 2016 walipomfunga Fiji 30-7 fainali ya Singapore mimi nilikuwa na magongo, niliruka nikasahau goti, nikalipia wiki mbili. Wale vijana walionekana uwanjani. Anayelipa ili aonwe ameonwa tayari, ila na mtu mwingine.

Hoja yangu ni kwamba mlango upo Kenya, ni saa chache tu kutoka hapa. Hata pale sasa hivi asiende kama mimi nilivyoenda. Klabu ya Kabras wako Kakamega, wanabebwa na kiwanda cha sukari. KCB ni ya benki. Hizo ndizo zenye uwezo, na hata huko uliza kwanza. Ila kwa mtoto wa miaka 17 mimi ningetazama vyuo: Strathmore wana timu yao, Leos, na Chuo Kikuu cha Kenyatta wana Blak Blad. Hizo zimecheza Kenya Cup, yaani ligi kuu. Unasoma, unacheza na wanaume wa kweli, na goti likigoma una cheti. Mwache amalize kidato cha sita, mama. Humphrey Kayange alikuwa nahodha wa Kenya na kemia ya chuo kikuu aliisoma. Leo ni mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwambie kijana hivyo, asidhani shule ni mpango wako wa kumchelewesha.

Wakili_Njiro

Mama, nimesoma mara mbili. Mimi ni wakili, si mjuzi wa raga, kwa hiyo nitabaki kwenye karatasi.

Kwanza, ulichopewa si mkataba wa kucheza. Hauna klabu, hauna mshahara, hauna tarehe ya kuanza. Ni mkataba wa uwakilishi, yaani kijana anamfunga wakala na wakala hafungwi na chochote. Soma tena uone kama kuna mahali ameahidi jambo lenye tarehe. Nina hakika hakuna.

Pili, umri. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 11, anayeweza kuingia mkataba ni aliyefikia umri wa utu uzima, na hapa kwetu ni miaka 18. Saini ya kijana wako leo haina nguvu. Huyo bwana analijua hilo, ndiyo maana anakimbilia yako. Wewe ni mtu mzima, na ile dola 10,000 imeandikwa mchezaji NA mzazi. Ukisaini, mwenye deni la uhakika ni wewe na kibanda chako. Na kinachomharakisha si kijana wa Uganda. Anataka saini ya mzazi kabla mtoto hajafika 18, akaanza kujiamulia na kuuliza.

Tatu, viza. Ya matembezi ya Schengen inampa siku 90 ndani ya siku 180 na haimruhusu kuajiriwa. Anayemwambia mtoto aingie kwa matembezi akafanye kazi anamwambia avunje sheria ya nchi ya watu, na atakayekamatwa si wakala.

Kama ukija kuletewa mkataba wa klabu siku za mbele, tafuta kwanza jina la mwajiri. Simaanishi jina la timu kwenye jezi, namaanisha kampuni inayosaini. Katika kusoma kwangu juzi kwa ajili yako nimekuta kisa cha Worcester Warriors, klabu ya ligi kuu ya Uingereza. Wachezaji walikuwa wameajiriwa na kampuni ya pembeni. Oktoba 2022 mahakama ikaifunga kampuni hiyo, na mikataba ikafa siku hiyohiyo. Haikupita hata wiki mbili Wasps nao wakaanguka, mwaka uliofuata London Irish. Hao ni watu waliokuwa na mawakala wenye leseni na chama cha wachezaji cha kuwatetea. Kwa hiyo hata karatasi safi si kinga ya kila kitu. Karatasi chafu ndiyo usiiguse kabisa.

Usisaini. Na usimjibu kwa hasira, muombe maswali yako ayajibu kwa maandishi.

Mwalimu_Tengeru

Nimefundisha michezo miaka mingi, naongeza dogo tu. Mama, mpeleke kijana akapimwe mzani wa kweli na urefu, na mwandike daftari: mechi alizocheza, nafasi gani, majeraha, nani alikuwa kocha. Wazazi wengi hawaweki. Siku chuo kikiuliza, unakuwa na kitu mkononi. Na kama aligongwa kichwa akazimia hata sekunde tano, liandikwe pia, msifiche.

Kijenge_Juu

Mzani wa mahindi lakini 😂 94 hiyo ni pamoja na gunia?

Mama_Belo

Kijenge, gunia tulitoa. Kiatu hakuvua.

Nimerudi kuwapa taarifa. Leo Alhamisi nimemwandikia yule bwana kwenye WhatsApp, nimeandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa adabu. Nimemuuliza matatu: jina la klabu, jina lake kwenye orodha ya mawakala ya Ufaransa, na barua ya ruhusa ya chama cha raga itaombwa lini. Tiki mbili zikawa za bluu saa tatu na robo asubuhi. Nikauza jinzi nne. Saa saba akajibu. Hakujibu hata moja kati ya matatu. Ameandika kwamba kwa sababu anaona mimi ni mama mpambanaji, amezungumza na "ofisi" na wamekubali nitangulize 1,200,000, nyingine mtoto atakatwa akianza kazi.

Ndugu zangu, mimi niko sokoni mwaka wa kumi na tisa. Mtu akishuka kutoka mbili na nusu hadi moja na laki mbili kabla hujatia neno la bei, ile bei ya kwanza haikuwa bei. Nilimpa kijana simu asome mwenyewe. Akasoma, akarudi juu akasoma tena, akasema "mama, hajajibu swali hata moja". Nikanyamaza. Nilitamani kusema mengi, mnajua wenyewe, lakini nikaenda kumenya ndizi.

Mangi, sijakudharau. Hilo la kuonwa limebaki moyoni, kwa sababu ni kweli nikimkatalia huyu tapeli sijampa mtoto njia nyingine. Usiku tumekaa naye tukatafuta hivyo vyuo vya Nairobi kwenye simu. Ada ya Strathmore nimeiona, nikafunga simu, nikaifungua tena. Tutaona. Mwaka na nusu wa shule bado upo, na huo nao ni muda wa kuweka hela.

Mwalimu, daftari nimenunua, la kaunta, kurasa nyingi. Ameanza kuandika mwenyewe. Kwenye majeraha ameandika kidole, bega, na "kichwa, mara moja, Agosti". Hiyo ya kichwa ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia.

Chalii wa Sakina, Jumamosi nakuja naye Arusha. Kama una nafasi ufike hapo wanapofanya mazoezi umwone akicheza, umwambie ukweli kama anafaa au ana kilo tu. Usimpambe kwa ajili yangu. Nitakuwa na kitenge cha kijani na chupa ya chai. Wakianza lile rundo utaniona nimegeukia Mlima Meru.

Chalii_wa_Sakina

Nitakuja mama. Jumamosi sina wageni. Mwambie aje na viatu vya meno marefu, huku mvua imenyesha. Na kile kichwa cha Agosti, asicheze kabla sijaongea naye.